Segawa Wawili, Ofisi Moja

Baba yangu ana miaka themanini na mmoja, amestaafu mwaka wa kumi na sita huu, na kila siku ya kazi, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, anafungua mkutano wa wafanyakazi jikoni kwetu. Wafanyakazi wenyewe ni mimi peke yangu.

"Habari za asubuhi," anasema, amesimama kando ya jokofu na suti yake ya kijivu, tai imekazwa hadi kooni, miguuni ndara za ndani.

"Habari za asubuhi, Mkuu," naitikia, nimesimama wima, mikono ubavuni. Nikiitikia nimekaa, tunaanza upya.

"Tahadhari ya leo?"

Lazima kila siku nitaje tahadhari moja, kama walivyokuwa wakifanya kwenye kampuni ya miavuli alikokuwa mkuu wa kitengo. Wiki ya kwanza nilidhani zitaniishia, lakini nyumba yenye mzee haikosi tahadhari.

"Sakafu ya bafuni ina maji, Mkuu."

"Vizuri. Tuwe waangalifu. Haya, kazini."

Basi tunakaa, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa jiko, meza moja. Mimi nafungua kompyuta. Naandika na kusahihisha zile karatasi za maelekezo zinazokuja ndani ya boksi ukinunua kitasa cha mlango, zile ambazo watu huzitupa kabla hawajazisoma kisha wakapiga simu kulalamika. Kampuni yetu iko Osaka, na sisi tunakaa Sakurai. Nikimaliza ukurasa nauchapa, nampelekea Baba kwa mikono miwili. Anausoma na kalamu nyekundu, anapiga juu kushoto muhuri wake wa jina la ukoo, kama kila mtu mzima alivyo na wake hapa Japani, ananirudishia. Droo nzima imejaa karatasi zilizopitishwa na Mkuu.

Msicheke. Mwaka juzi nilimpelekea maelekezo ya kitasa cha choo. Akasoma, akavua miwani, akanitazama kwa masikitiko.

"Segawa, huyu mtu umemfungia chooni."

"Vipi, Mkuu?"

"Hatua ya tano afunge mlango akaze komeo. Hatua ya sita ndiyo aweke mkono wa kitasa wa ndani. Sasa atatokaje?"

Nikatazama. Kweli kabisa. Karatasi ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu wanne wenye akili zao timamu, na aliyeona ni mzee asiyekumbuka kama amekunywa chai. Nilipopongezwa na bosi wangu, Bwana Nukariya, nilimwambia ukweli kwamba si mimi, ni Mkuu. Tangu siku hiyo ofisi nzima wanamwita Mkuu.

Nieleze tulivyofika hapo. Mama alifariki, na mwaka uliofuata Baba akaanza kupotea. Anaamka, anavaa suti, anakwenda stesheni. Mara mbili nilimkuta jukwaani hapa hapa Sakurai. Mara ya tatu walimkuta Tsuruhashi, mtaa wa Osaka kunakonukia nyama ya kuchoma tangu asubuhi, amesimama anauliza watu kampuni ya miavuli imehamia wapi. Kampuni yenyewe ilishakufa. Kisha ukaja ule ugonjwa ulioifunga dunia nzima, nasi tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani. Asubuhi ya kwanza nimekaa mezani, vipokea sauti masikioni, nawaambia wenzangu kwenye skrini "poleni na kazi". Baba akapita na mkoba wake kwenda mlangoni. Akasimama. Akanitazama, akaitazama kompyuta, akavua viatu.

"Kumbe ofisi imehamia huku," akasema, akavuta kiti.

Hajaenda stesheni tena tangu siku ile. Miaka minne. Nikiondoka mimi na kompyuta yangu, ofisi itakuwa imehama tena, naye atatoka kwenda kuitafuta.

Na kuna jambo jingine, ambalo nalisema kwa sababu nikilificha hadithi haitakuwa na maana. Nilipokuwa mtoto sikuwa na baba wa siku za kazi. Aliondoka sijaamka, alirudi nimelala, na Jumapili alilala yeye. Darasa la pili tuliambiwa tuchore uso wa baba. Mimi nilichora mgongo na mkoba unatoka getini, na mwalimu akadhani nimeshindwa kuchora pua. Sasa nina miaka arobaini na saba, na kwa mara ya kwanza nakaa naye kwa saa nane kila siku, nakula naye tambi mchana, namsikia akipiga chafya. Hanijui kama mwanawe, ananijua kama Segawa wa kitengo chake. Hainiumizi sana. Bosi niliyempata ni mzuri kuliko baba niliyemkosa, na nimempenda.

Sasa Jumatatu moja ya mwezi wa pili Bwana Nukariya akatuita wote kwenye skrini. Ana miaka hamsini na saba, ni mtu wa kanuni, mwenye sauti ya mtu anayesoma tangazo hata akiagiza supu. Na safari hii alikuwa na tangazo kweli. Kuanzia tarehe mosi Aprili, wafanyakazi wote warudi ofisini, siku tano kwa wiki.

Orie, mwenzangu anayechora michoro ya vitasa, akafungua mdomo. Orie hajawahi kuufunga vizuri.

"Bosi, samahani. Miaka minne hii vitasa vimekataa kufunguka?"

"Vinafunguka, Orie."

"Sasa mimi nikapande treni ya nini? Nikavishike mkono?"

Watu wakacheka. Bwana Nukariya hakucheka.

"Orie, sikia. Ofisini mtu akipita mbele yangu na kikombe cha chai, najua leo ana jambo. Kwenye hii skrini nyote mna sura za picha za pasipoti. Mwaka jana Fukami alikuwa anaumwa miezi mitatu, na mimi sikujua. Miezi mitatu! Nilimwona kila siku na sikumwona."

"Angesema."

"Watu hawasemi. Wewe tu ndiye unayesema."

Hapo ndipo Baba alipopita nyuma yangu kwenda kumwagilia ua lake, akainama mbele ya kamera.

"Nani huyo hana tai?"

"Habari za asubuhi, Mkuu!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama darasa. Bwana Nukariya mkono ukamwenda kooni wenyewe.

Nikiri kitu. Maneno ya bosi yalinigusa, kwa sababu mimi naitamani ofisi. Natamani kile kibanda cha tambi cha jukwaa la stesheni, watu wanakula wamesimama, hakuna anayekuuliza kitu. Natamani kusikia umbea wa Orie nikinusa kahawa yake, na natamani kwenda chooni bila kuacha mlango wazi kidogo ili nisikie kama kuna mtu ameanguka. Kuna siku nimekaa kwenye ngazi ya nyuma dakika tano nzima, nimejiambia naanua nguo, kamba haina hata soksi. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kumchukia Bwana Nukariya. Alikuwa anataka nusu ya kitu ninachokitaka.

Kulikuwa na mlango mdogo. Mwenye sababu maalumu aombe kubaki nyumbani, kwa fomu ya karatasi yenye muhuri, ifike ofisini kabla ya Ijumaa. Ndiyo, karatasi na muhuri. Sisi watu tunaweza kukutana hewani miaka minne tusishikane hata vidole, lakini jambo likiwa zito lazima pawe na wino mwekundu.

Nilikaa na ile fomu asubuhi nzima. Kwenye mstari wa sababu niliandika mambo mengi, ugonjwa, daktari, stesheni, Tsuruhashi, hata nikahisi namuuza baba yangu rejareja. Nikachukua fomu nyingine. Nikaandika sentensi moja tu: *Naomba kukaa na baba yangu.*

Kisha muhuri. Chini ya fomu kulikuwa na visanduku vitatu, kushoto cha mkurugenzi, katikati cha mkuu wa kitengo, kulia cha mwombaji. Mimi nikapiga wangu kwenye kisanduku changu nimeuinamisha kidogo upande wa kushoto, ili jina langu liwe kama linawaamkia wakubwa wake. Vijana siku hizi wanacheka desturi hiyo, na wengi hata hawaijui. Mimi nilifundishwa na Baba, Jumapili moja kabla sijaanza kazi. Aliniletea muhuri wa mti umechongwa Segawa, wake ni wa pembe ya nyati, Segawa vilevile, na akanikalisha mezani saa mbili nzima.

"Upulizie pumzi kwanza. Kandamiza, hesabu tatu. Wa mkubwa unasimama, wa mdogo unainama. Ukiinamisha sana unajipendekeza, ukiinamisha kidogo mno una kiburi. Hivi. Umeona?"

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na yale ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na baba yangu. Nilifanya kama sielewi ili arudie.

Basi nimepiga muhuri, nimeiacha fomu mezani wino ukauke, kengele ikalia. Mwenye vifurushi ameleta mchele. Nikatia sahihi, nikaburuta gunia, jirani akanishika na habari za chavua za mierezi, ule unga wa miti unaotutoa machozi na kamasi kila mwaka, mwaka huu zimeanza mapema, macho yake yamevimba kama ya chura. Niliporudi jikoni fomu ilikuwa imekunjwa mara tatu sawasawa, imetiwa kwenye bahasha, bahasha imegundishwa na alama ya kufunga imeandikwa juu ya kifuniko kwa mkono wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

"Tayari kwa posta," Baba alisema bila kuinua macho kwenye gazeti.

Jamani, sikuwa na moyo wa kuifungua. Vidole vyake siku hizi vinashindwa na vifungo vya shati, halafu bahasha ile imenyooka kama imetoka dukani. Nikabandika stempu, nikaipeleka.

Alhamisi asubuhi Bwana Nukariya akanipigia, mimi na yeye tu kwenye skrini. Hakusalimia kwa kirefu.

"Bi Segawa, kwenye kitengo chetu tuna Segawa wangapi?"

"Mmoja, bosi. Ni mimi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akainua fomu mbele ya kamera. Kulia, muhuri wangu wa mti, umeinama kwa adabu. Katikati, kwenye kisanduku cha mkuu wa kitengo, yaani chake yeye, kulikuwa na Segawa mwingine, mwekundu, mnene, amesimama wima kama askari wa zamu.

"Basi huyu wa pili amenipokonya kazi," alisema Bwana Nukariya.

Niliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Nikaomba radhi, nikaomba tena, nikaeleza habari za gunia la mchele, kisha nikaomba radhi kwa kueleza.

"Inua kichwa, Bi Segawa, nakuona nywele tu. Watu wa utumishi ndio waliofungua. Mpaka inanifikia mimi, ghorofa nzima walishanicheka." Akaiweka fomu chini. "Tuma nyingine, hilo si tatizo. Tatizo ni jingine, na sipendi kukuficha. Nilikuwa nimeshaamua kuikataa."

Niliuliza kwa nini.

"Kwa sababu kila mtu ana baba. Asiye na baba ana mama, na asiye na mama ana paka. Nikikubali yako, Orie kesho asubuhi ananiletea ya paka. Nitasema nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba paka wa Orie hatakwenda Tsuruhashi kuuliza watu njia. Nilitaka kumwambia kwamba nikiacha kazi hatutakuwa na pa kushika, na nikiacha nyumba sitakuwa na baba. Maneno yote yakasongamana mlangoni kama abiria. Nikabaki kuangalia kibodi.

Bwana Nukariya akajikuna shingo. Labda alinihurumia, labda alitaka tu kuupoza mzaha uishe vizuri. "Mkuu yupo? Naweza kumsalimia?"

Nikageuza kompyuta upande wa dirisha. Baba alikuwa ameshakaza tai.

"Mkuu, samahani kwa usumbufu," alisema Bwana Nukariya. "Kuna ombi la mfanyakazi umelipitisha juzi. Nilitaka kuuliza tu sababu."

"Wewe ni wa utumishi?"

"Ndiyo, Mkuu," akadanganya, na akainamisha kichwa.

"Nyie watu wa utumishi mnauliza baada ya mambo kwisha." Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Sikiliza, kijana. Mimi watu nawataka ofisini. Hilo muulize yeyote. Mtu asiyekuja simwelewi, na mvua si kisingizio, sisi tunauza miavuli."

"Nakubaliana nawe kabisa, Mkuu."

"Lakini huyu msichana ameandika anataka kukaa na baba yake." Akatafuta neno. Nikaogopa kwamba ameshapotea njiani, kama anavyopoteaga, lakini hakuwa amepotea. "Miaka mingi nimekaa kwenye kiti hiki. Maombi ya uhamisho nimeyaona, ya harusi, ya msiba. La namna hii sijapata kuliona. Mimi mwenyewe nina mtoto wa kike nyumbani. Sikujua kwamba kuna fomu. Ningejua ipo, ningeijaza."

Akaiinua miwani kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama.

"Sasa nikimkatalia huyu," Baba akamalizia, akivaa miwani, "siku nikirudi nikamkuta mwanangu hajalala, nitamwambia nini?"

Akalirudia gazeti lake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Miaka arobaini nilikuwa nimemsubiri mtu yule aseme vile, na alimwambia mtu wa utumishi.

Nilipogeuza kompyuta Bwana Nukariya alikuwa anatazama pembeni, karatasi laini puani.

"Chavua," akasema.

"Mwaka huu ni mbaya sana," nikasema, nami nikajifuta.

Akakohoa, akarudisha sauti yake ya tangazo. "Tuma fomu nyingine leo kwa njia ya haraka. Usibadilishe sababu, hata neno moja. Nitaipeleka kwa mkurugenzi mwenyewe, kwa mkono. Siahidi kitu."

"Asante, bosi. Na ile ya kwanza tafadhali ichane."

"Ya kwanza imeshapata muhuri wa mkuu wa kitengo," alisema Bwana Nukariya. "Sina mamlaka ya kuichana."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, na halikuwa lote nililoliomba. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nibaki nyumbani. Jumanne na Alhamisi niende Osaka. Orie alinipigia akasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na kwamba paka wake ametukanwa. Nilicheka, kisha nikakaa chini. Siku tatu za ofisi yetu zilikuwa zimepona. Zilibaki mbili, na hizo mbili Baba hakuweza kukaa peke yake hata saa moja.

Kuna kituo cha wazee cha mchana karibu na shule ya msingi. Wanawafuata kwa gari asubuhi, wanawaogesha, wanawalisha, wanawafanyisha mazoezi, wanawarudisha jioni. Nilishamgusia mara moja. Alinijibu, "Wazee? Mimi nina kazi," na kwa siku nzima hakupiga muhuri hata ukurasa mmoja. Sikumlaumu. Mtu uliyemwamkia Mkuu kila asubuhi huwezi kumgeuza mzee wa kuogeshwa kwa sababu ratiba yako imebadilika.

Wiki ya mwisho ya Machi mtumishi wa kituo, Bi Kanae, alikuja na fomu ya kujiandikisha. Msichana mchangamfu, soksi zina picha za dubu. Chini ya fomu kulikuwa na visanduku viwili, cha mdhamini kushoto, cha mtumiaji kulia. Nilikuwa nimeshapiga wangu kwenye cha kushoto. Niliupiga wima, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kumwamkia, na kwa kuwa nilitaka jambo liishe haraka.

Nikampelekea Baba fomu kwa mikono miwili.

"Hii nini, Segawa?"

Usiku kucha nilikuwa nimetunga uongo. Tawi jipya, ukaguzi, semina. Ulikuwa uongo mzuri. Nilipomwona amekaa pale, kola imemzidi shingo, nikashindwa.

"Jumanne na Alhamisi mimi nitakuwa Osaka," nikasema. "Siku hizo hapa hapatakuwa na mtu. Naomba uende mahali hapa. Watakuja kukuchukua na watakurudisha. Jioni nitakuwepo."

Akaisoma fomu. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, na kidole.

"Ni uhamisho," alisema hatimaye.

"Ni uhamisho, Mkuu. Siku mbili kwa wiki."

"Kwa umri wangu." Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetazama mvua ikianza. "Na nani ameidhinisha?"

Bi Kanae akanitazama.

"Mimi," nikasema. "Nimeidhinisha mimi."

Baba akarudi kwenye fomu, akaishusha karibu na macho. Kidole kikasimama kwenye kisanduku cha kushoto. Akausoma muhuri wangu uliosimama wima, kisha jina lililoandikwa juu yake kwa kalamu, silabi moja moja.

"To-mo-yo."

Tangu Mama afariki sikuwa nimelisikia jina langu hilo kinywani mwake. Akaniangalia, akaniangalia sana, kama unavyomwangalia mtu aliyekusalimia barabarani na unajua kabisa unamjua.

"Umepanda cheo lini?"

"Juzijuzi tu, Baba."

"Hakuna aliyeniambia." Akatikisa kichwa. "Hongera. Sasa wewe usiwe mtu wa kukaa huko mpaka watu wamelala."

"Sitakaa."

Akatoa muhuri wake wa pembe mfukoni mwa koti. Akaupulizia pumzi. Asubuhi zote zile jikoni, karatasi zote zile kwenye droo, sikuwahi kuuona muhuri ule umekaa upande, ulisimama daima, hata siku mkono wake ulipokuwa hauna nguvu ya kushika kijiko. Aliuweka juu ya kisanduku cha kulia. Kisha akauzungusha taratibu, upande wa kushoto, kiasi kile kile alichonifundisha, si wa kujipendekeza na si wa kiburi. Akakandamiza. Nikamwona midomo ikihesabu, moja, mbili, tatu.

Akamrudishia Bi Kanae fomu kwa mikono miwili na akainamisha kichwa.

Bi Kanae akaitazama, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ni msichana mwema, hakutaka kumvunjia mzee heshima, kwa hiyo alininong'oneza.

"Wa baba umekaa upande, dada. Nina fomu nyingine kwenye gari. Nikailete?"

"Usilete," nikamwambia. "Uko sawa hivyo hivyo."